Jani Ndani ya Povu

Mbwa wangu aliuawa saa nne asubuhi, mbele ya watu wasiopungua ishirini, na aliyewaita watu hao ni mimi. Naanzia hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine najikuta natafuta mtu wa kumtwika lawama.

Nina nyumba ya wageni Malaba, upande wa Kenya. Ni vyumba vinane alivyovijenga marehemu mama yangu kuzunguka uwanja mdogo wa simiti. Wageni wangu wengi ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda. Foleni ikirefuka hulala siku mbili, tatu, na wanachotaka ni maji ya moto, shuka safi na mahali pa kuchaji simu. Hakuna dereva aliyewahi kuniomba maua. Maua niliyataka mimi. Mama aliniachia mapokezi yenye ukuta wa buluu uliobanduka, benchi moja na kalenda, nami nikaona nikijaza pale mimea mikubwa ya kijani, mtu akitoka kwenye vumbi na moshi wa dizeli atahisi amefika mahali.

Mmea ule niliununua Busia, kwa mwanamke wa ng'ambo ya mpaka ambaye hupanga maua yake kando ya barabara, mengine kwenye mikebe ya rangi, mengine kwenye mifuko ya plastiki. Ulikuwa na majani mapana kama sinia, ya kijani kibichi, yenye madoadoa meupe katikati kana kwamba mtu ameyanyunyizia maziwa.

"Huu, nyabo, hautaki jua, hautaki maji mengi," aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hata ukiusahau wiki mbili, unakungoja."

Nilirudi nao Malaba nimeukumbatia. Hakuniambia zaidi ya hapo na sidhani alijua zaidi ya hapo. Mimi pia sikumuuliza. Nani huuliza kama ua lina sumu? Baada ya mwaka ulikuwa umenifika kifuani, shina lake nene kama muwa, na wageni walikuwa wakipiga picha wamesimama kando yake.

Mbwa naye alikuja na lori. Dereva mmoja alimtoa chini ya kiti, mdogo kama soksi, akaniwekea juu ya meza. "Mama, chukua huyu. Ameshanilia viti vyote." Na kweli alikuwa mtafunaji. Alikula ndara za wageni, brashi ya kusugulia sakafu, kona ya benchi la mama. Alikuwa wa rangi ya udongo, mdomo mweusi, na siku ile ninayoieleza alikuwa na umri wa kama mwaka na nusu. Jina lake sitalitaja. Tangu siku ile sijalitamka.

Kuna jambo moja lazima nilikiri hapa. Watu wa mifugo walikuwa wamepita mtaani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Siku hiyo vyumba vyote vilikuwa vimejaa, nikasema nitampeleka wakirudi tena. Sikumpeleka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango langu, kuna fundi wa matairi. Ni mtu mnene wa mikono, mnyamavu, ambaye kila asubuhi alikuwa akija kwangu kunywa chai na chapati mbili. Kipande cha mwisho cha chapati ya pili hakukila kamwe. Alikinyoosha chini bila kutazama, na mbwa alikuwa tayari yuko pale. "Askari, kula," alikuwa akimwambia, ingawa hilo halikuwa jina lake. Mbwa alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na mara nyingi nilipomtafuta nilimkuta amelala ndani ya tairi la trela kwenye karakana yake.

Mwezi huo mji ulikuwa na hofu. Mbwa asiyejulikana mwenyewe alikuwa amewauma watu watatu karibu na reli kisha akatoweka. Akina mama walikuwa wakienda sokoni na mawe ndani ya vikapu. Wanafunzi walikuwa wakitembea kwa makundi. Kwa hiyo, nilipopiga kelele siku ile, nilipiga kelele kwenye mji uliokuwa tayari umeshika jiwe.

Binti yangu, wa miaka saba wakati huo, hakwenda shule. Alikuwa na homa kidogo, nikamkalisha kwenye mkeka uwanjani, kwenye kijua cha asubuhi, na kikombe cha uji. Mimi nikaamua kupunguza lile ua maana lilikuwa limeanza kuinamia meza ya mapokezi. Nililikata kwa kisu cha jikoni, mashina matatu makubwa, nikayaweka kwenye beseni sakafuni ili baadaye niyapande kwenye mikebe, kila chumba kipate lake. Utomvu ulinidondokea kwenye kiwiko, ukawasha. Nilinawa kwa sabuni, nikaendelea na kazi. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa umeshaniambia nami sikusikiliza.

Nikaenda nyuma kuanika shuka. Sikukaa huko hata nusu saa.

Niliporudi nilimwona anatoka mlango wa mapokezi kinyumenyume. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na nyuki sikioni, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, mpaka kucha zikamchana pua. Kisha akageuka. Mdomo wote ulikuwa povu. Povu zito, jeupe, linaning'inia hadi kifuani. Ulimi ulikuwa umevimba, umetoka nje upande mmoja na haurudi. Alifungua mdomo kubweka na sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu, yenye mkwaruzo.

Na akaanza kukimbia kuelekea kwa binti yangu.

Sasa najua kwa nini. Tangu akiwa mdogo, akichomwa na mwiba au akipigwa na mgeni, alimkimbilia yeye na kumwekea kichwa mapajani. Lakini wakati ule sikuona mbwa wangu. Niliona povu na mtoto.

"Kichaa!" nilipiga yowe. "Mbwa ana kichaa! Jamani, mtoto wangu!"

Nilimrukia binti yangu nikamnyakua, uji ukatumwagikia sote wawili. Mbwa alifika kwenye mkeka, akaukuta mtupu, akasimama pale anatutazama huku akidondosha mate. Langoni nikasikia miguu.

Fundi alikuwa wa kwanza. Alikuja na kile chuma kirefu cha kubandulia matairi, nyuma yake madereva na mataniboi, wasaidizi wao wa malori, mmoja na spana ya magurudumu, wengine na mawe waliyoyaokota palepale barabarani. Hakuna aliyeuliza kitu. Mbwa alipomwona fundi alitikisa mkia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka mtu alie. Alitikisa mkia na kumwendea, na fundi akainua chuma na kumpiga mgongoni.

Ulisikika mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjika. Miguu ya nyuma ikalala hapohapo. Mawe yakaanza kunyesha. Mengine yalimkosa, yakagonga milango ya vyumba, mgeni mmoja akatoka na taulo kiunoni, akaona, akarudi ndani na kujifungia. Mimi nilikimbia na binti yangu hadi chumba namba tatu, nikamtupa kitandani, nikafunga mlango kwa nje. Alikuwa anapiga mlango kwa viganja viwili na kuita jina la mbwa.

Nikirudi uwanjani nilipita mlango wa mapokezi, na hapo ndipo nilipoona beseni. Lilikuwa limepinduka. Shina moja lilikuwa limetafunwa kama muwa, mpaka nyuzi zimetoka. Majani yalikuwa vipandevipande, na mstari wa povu ulianzia pale sakafuni ukatoka nje, na ndani ya povu hilo, kwenye simiti, palikuwa na kipande cha jani chenye madoa ya maziwa.

Sikuelewa kila kitu. Nilielewa vya kutosha.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni, si kichaa! Amekula ua! Ni ua!"

Jisikilize ukisema maneno hayo mbele ya watu ishirini wenye mawe. Mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Huyu mama amechanganyikiwa. Mrudisheni ndani." Nikawapita. Mbwa alikuwa anajiburuta kwa miguu miwili ya mbele, ananijia mimi, akiacha mchirizi wa damu na povu. Nilipiga magoti nikamkumbatia shingo nimkinge. Hapo akaniuma. Alizamisha meno kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mpaka nikayasikia yakigonga mfupa. Sikumlaumu, na simlaumu. Alikuwa amevunjwa mgongo na mdomo wake unawaka moto, na mtu amemshika.

Jiwe lilinipata juu ya sikio. Sijui nani alilirusha. Mikono ikanishika gauni kwa nyuma, ikanivuta, nikaburutwa kwenye simiti kwa magoti. Nikamwona fundi amesimama juu ya mbwa. Alipiga kichwa. Akapiga tena. Mbwa alikuwa amekwisha kutulia, lakini yeye aliendelea, mara ya tatu, ya nne, ya tano, macho yake hayatazami chini, yanatazama ukuta, na midomo yake inasema kitu kwa Kiteso, lugha ambayo hajawahi kuisema nami.

Halafu mtu akaona mkono wangu.

"Ameumwa! Mama ameumwa!"

Watu wale wale waliokuwa wamenishika waliniachilia kwa pamoja. Wakarudi nyuma hatua tatu, nne. Nilibaki katikati ya uwanja wangu mwenyewe, nimepiga magoti, damu inanitoka, na duara la watu wananitazama jinsi walivyokuwa wakimtazama mbwa. Wawili walikuwa wananirekodi kwa simu.

Fundi ndiye aliyevuka ile nafasi. Alitupa chuma, akabeba mtungi wa maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akaniketisha kwenye ngazi na kuushika mkono wangu kama koleo. Alikiosha kidonda kile kwa muda mrefu sana. Alimwaga maji, akasugua, akamwaga, akasugua, nami nalia kwa maumivu na kumpiga kifuani kwa mkono wa kushoto.

"Lia," alisema. "Nipige. Lakini mkono huu usiutoe."

Nilimwambia alichofanya. Nilimwita muuaji. Alisugua tu.

Hospitali walinidunga sindano ya kwanza mchana ule, na kunipangia tarehe za zinazofuata. Niliporudi nyumbani, bandeji mkononi, nyuzi nne juu ya sikio, nilimkuta daktari wa mifugo uwanjani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa gambuti na glavu ndefu za mpira, pikipiki yake imeegeshwa langoni. Mbwa alikuwa amefunikwa gunia.

"Mama, pole," alisema. "Amekuuma, kwa hiyo sina njia nyingine. Lazima nipeleke kichwa kikapimwe."

"Kichwa?"

"Kipimo ni cha ubongo. Ingia ndani usiangalie."

Niliangalia. Niliona ni wajibu wangu kuangalia. Alifanya kazi yake haraka na kwa heshima, kwa kisu na msumeno mdogo, lakini hakuna heshima inayoweza kuifunika sauti ile. Alikitia kwenye mifuko miwili ya plastiki, kisha kwenye ndoo yenye barafu, akafunga kifuniko kwa utepe wa gundi. Mwili aliagiza tuuzike chini kabisa, kimo cha mtu.

Alipomaliza kunawa nilimpeleka mapokezi nikamwonyesha beseni. Alichuchumaa. Akageuza shina kwa ncha ya kalamu.

"Huu ulikuwa ndani? Chini hapa?"

"Mimi niliuweka chini."

Aliinuka. Kisha akanieleza, bila kupamba. Ndani ya shina na majani ya mmea ule mna vitu vyembamba kama sindano, havionekani kwa macho. Mnyama akitafuna, vinamchoma mdomo mzima, ulimi, koo. Anavimba, anatoa mate na povu, sauti inakauka, anajikwangua. Mtoto mdogo akila ni vilevile.

"Na kichaa pia huanza na mate, na sauti kubadilika," alisema. "Mtu asiyejua hawezi kutofautisha. Hata mimi, ningemwona kwa mbali, nisingemsogelea. Ungemfungia kwenye chumba na kunipigia simu."

"Na kama kweli ni mmea? Ungefanya nini?"

"Ningemwosha mdomo kwa maji mengi. Maziwa baridi kidogo. Sindano ya kupunguza uvimbe, na kuangalia kama anapumua vizuri." Akavua miwani, akaifuta. "Mara nyingi hawafi, mama. Kesho yake huwa wanakula."

Sijawahi kupigwa na mtu kama nilivyopigwa na maneno yale manne.

Kabla hajaondoka alizunguka nyumba nzima. Kwenye ngazi ya kuingilia nilikuwa na mmea mfupi kama mnazi kibete, wenye makuti magumu na mbegu nyekundu. Aliukazia macho kuliko ule wa mapokezi. "Huu hapa unaua. Mbegu moja, mbili, ini linakwisha. Mbwa hutapika siku ya kwanza, unadhani amepona, kisha anakufa." Ua wa nyuma, ule wenye maua ya rangi ya waridi na majani membamba niliokuwa nimeupanda kama uzio, alisema unasimamisha moyo, wa mbwa na wa mtu. Aliniambia nisiuchome, moshi wake nao ni sumu. Shubiri iliyokuwa dirishani ilikuwa ya kuharisha tu, niipandishe juu. Ule mmea unaoning'inia wenye majani membamba ya mistari, unaozaa vitoto, hauna neno. Kangaga pia halina neno. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu katikati ya silaha nikizimwagilia maji kila Jumamosi.

Siku zilizofuata fundi hakuja kunywa chai. Lango lake lilikuwa wazi, nyundo yake ilikuwa ikisikika, lakini hakuvuka barabara. Nami sikuvuka. Binti yangu hakula vizuri. Alikuwa akiamka na kwenda kusimama mahali ambapo simiti ilikuwa bado na doa. Nilipigwa sindano ya pili. Nilikuwa nikiwaza maneno ya kumwambia yule mtu, na kila nilipoyapanga yaliishia kwenye kumpiga na chuma chake mwenyewe.

Siku ya sita, kama saa tano asubuhi, daktari alipiga simu. "Majibu yametoka. Hakuwa na kichaa. Sindano zilizobaki usiende."

Nilimshukuru. Nikaweka simu mezani, nikaingia stoo ambako nilikuwa nimeusukuma ule mmea, nikakata kipande cha jani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikakitafuna.

Sitaki mtu yeyote afanye hivyo. Wakati ule nilidhani nina deni la kujua. Kwa sekunde chache hapakuwa na kitu, ladha ya majani mabichi tu. Kisha ikawa kama nimetia mdomoni kiganja cha vioo vilivyosagwa na mtu ananilazimisha kuvimeza. Nilitema. Nilitema tena. Mdomo ulijaa mate nisiyoweza kuyameza kwa sababu koo lilikataa. Nilikimbilia bomba la uwanjani, nikainama juu ya beseni la kufulia, nikaufungulia mdomo maji, na ulimi ulikuwa unanenepa, unasukuma meno. Nilijaribu kumwita Mungu. Ilitoka pumzi, yenye mkwaruzo.

Na hapo ndipo fundi alipochagua kuvuka barabara. Nilisikia hatua, nikageuka.

Alikuwa amesimama kwenye lango la ndani, kofia mkononi. Aliona mwanamke aliyeumwa na mbwa siku sita zilizopita, mate yanamtiririka hadi kifuani, ulimi nje, macho mekundu, anafungua mdomo na hatoi sauti.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Imekupata."

Nilitikisa kichwa. Nikamnyooshea mkono, kumaanisha hapana, ngoja, nitakueleza. Yeye aliona ninamwendea. Mkono wake ukapapasa ukuta nyuma yake ukapata ufagio wa mpini mrefu, akauinua, na uso wake ukawa ule ule wa siku ile, macho hayanitazami mimi, yanatazama ukuta.

Kitu ndani yangu kikakatika. Nilishika kopo la bati lililokuwa juu ya beseni nikamrushia kwa nguvu zangu zote. Lilimpasua juu ya nyusi. Nikamvamia. Nilimpiga ngumi, nilimkwaruza, nilitaka kumtoa macho, na mate yangu yalimrukia usoni akapiga kelele kama mtoto. Mpini ulinipata begani mara moja, mara ya pili, nikaanguka upande kando ya bomba. Maji yalikuwa bado yanamwagika. Nilikuwa nawaka. Niliweka mdomo kwenye bomba na kunywa. Nilimeza kwa shida, nikapaliwa, nikanywa tena.

Nilisubiri pigo la tatu. Halikuja.

"Unakunywa," alisema.

Nikaendelea kunywa.

"Unakunywa maji." Ufagio ukaanguka. Yule mtu mkubwa akakaa chini kwenye simiti, damu inamshuka shavuni.

Aliniambia yote hapo, nami siwezi kumjibu. Miaka iliyopita, nyumbani kwa dada yake upande wa Nambale, mpwa wake wa kike wa miaka tisa aliumwa na mbwa wa jirani. Kidonda kilikuwa kidogo. Kilipakwa majivu, mtoto akarudi shule. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe koo linajikaza, anapiga mayowe, povu linamtoka. Aliwauma ndugu zake. Ilibidi afungwe kwenye kitanda kwa kanga za mama yake, na aliyeshika miguu yake siku mbili, mpaka mwisho, alikuwa mjomba wake.

"Alikuwa ananiomba maji," alisema. "Nikimpa anapiga kelele. Nikimnyima anapiga kelele. Uliposema 'mtoto wangu', mimi sikuona mbwa, mama. Nilikuwa nataka kukifikia kile kitu kabla hakijamfikia mtoto."

Nilijiinua, nikaenda mapokezi, nikarudi na kitabu cha wageni. Nikaandika kwa mkono wa kushoto kwenye ukurasa mtupu: *Majibu yametoka. Hakuwa na kichaa. Ni ua. Mimi pia nimelila.* Alisoma. Alisoma tena, kidole chini ya kila neno.

"Alikuja kwangu akitikisa mkia," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa na namna ya kumpunguzia, na sitaki kudanganya kwamba nilitaka kumpunguzia.

Sauti yangu ilirudi baada ya siku mbili. Kovu la nyusi analo mpaka leo, nami nina la kifundo cha mkono na la juu ya sikio. Hatukuombana msamaha kwa maneno. Jumapili iliyofuata alikuja na jembe na sururu, tukavaa glavu na kufunga vitambaa puani, tukang'oa ule mnazi kibete na mizizi yake yote, kisha ua wa nyuma, shina kwa shina, tukavizika kwenye shimo refu. Mmea wa mapokezi niliukatakata mwenyewe kwa panga. Niliukata mpaka haukuwa na umbo, mpaka panga likaanza kupiga simiti, na aliponishika mkono ndipo nilipojua kwamba nilikuwa napiga kelele.

Binti yangu aliniuliza mara moja tu, wiki nyingi baadaye, nikimsuka. "Mama, ni wewe uliwaita?"

"Ni mimi."

Aliinamisha kichwa ili nifikie upande wa pili. Mpaka sasa akiona mbwa barabarani huvuka upande mwingine, na sijui kama anamkimbia mbwa au anakimbia kuona yatakayompata.

Watu wa chanjo waliporudi, daktari aliomba uwanja wangu utumike. Nilifungua lango saa mbili asubuhi, na foleni ilifika karakana ya matairi. Fundi ndiye aliyekuwa akishika midomo ya mbwa. Aliwabana taratibu kati ya magoti yake, akiwanong'oneza kwa Kiteso, na hakuumwa hata mara moja. Mimi nilikuwa naandika kadi. Alifika mama mmoja kijana na mbwa mdogo mweupe kwenye kikapu, anatafuna mpini wa kikapu chenyewe.

"Nyumbani una maua?" nilimuuliza.

Alifurahi. Alidhani nataka kuomba miche. Akaanza kunitajia, akinionyesha kwa mikono upana wa majani na rangi zake, na alipofika la tatu nilimwomba asogeze kiti akae.